Pointi za Huruma

Mwaka ule wa vita, kule Bunia, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mashini inayosahihisha mtihani wa Leta, yaani wa serikali, kule Kinshasa ilikuwa na kitufe chekundu kilichoandikwa ITURI, jina la upande wetu. Karatasi zetu zikifika, fundi anakibonyeza, na mashini inaanza kutuongezea pointi za vita: mlio wa risasi, nusu pointi, bomu, pointi mbili, kukimbia na godoro kichwani, tatu, na ukikimbia ukaliacha godoro, tano, kwa maana hapo umeonyesha akili. Sikuambiwa na mlevi. Niliambiwa na shemeji wa mtu aliyewahi kufunguliwa mlango kwenye ofisi ya elimu, na wakati ule mtu wa namna hiyo kwetu alikuwa sawa na redio ya taifa. Tuliziita pointi za huruma. Wenzangu walicheka kidogo, wakaamini kidogo. Mimi niliamini zote, na nikaendelea kuamini kwa miaka mingi kuliko umri niliokuwa nao siku nilipoambiwa.

Nimeyakumbuka haya majuzi huko Komanda, tulipokwenda kumzika Gaston. Yeye ndiye aliyenifundisha karibu kila kitu ninachokijua, isipokuwa kuziba tairi za baiskeli. Hiyo nilikuja nayo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, sahani ya wali na nyama ya mbuzi magotini, malori yakipiga honi kwenye njia panda kana kwamba nayo yamefiwa, na nikaona aibu yangu ya zamani inakuja kukaa kiti cha pembeni, imevaa vizuri kunishinda. Watu wananijua kama mtu wa kuchekesha. Kwenye matanga hunisukuma mbele: "Mwalimu Celestin, tuambie kidogo, mama wa batoto acheke." Siku ile nilikataa. Halafu nikakubali, kama kawaida yangu. Lakini lazima nianze na chumba cha Mama Rosa.

Shule yetu iliitwa shule ya jioni, ila mwaka ule jioni ilikuwa na wenyewe, watu wa bunduki. Kengele ililia saa tisa mchana na tukatawanyika kabla jua halijafika kwenye milima. Mji ulibadilisha wakubwa mara nyingi kuliko nilivyobadilisha shati, na kila mkubwa mpya alikuja na muhuri wake na bendera yake, lakini mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na kipande kimoja tu cha chaki na hakuna mkubwa aliyemletea cha pili. Tulikuwa watu wazima wote: makanika, katekista, mke wa pasta, muuza mafuta ya taa, na mimi, mtu wa matairi, mwenye vidole vyeusi kiasi kwamba kila daftari langu lilionekana limeandikwa mara mbili. Tulikuwa tunataka diplome ya ualimu. Bila ile karatasi, huwezi kusimama mbele ya ubao na mshahara. Utasimama barabarani na pampu. Mimi nilitaka ubao. Nilitaka watoto wainuke kwa pamoja nikiingia mlangoni, waseme "Bonjour maître" mpaka mabati yatikisike. Ndiyo ilikuwa ndoto yangu yote. Sikuwa na nyingine ya akiba.

Wakati shule ilipofungwa, na ilifungwa kila mara mtu alipotaka kuigeuza kambi, tulisomea kwa Mama Rosa, mke wa binamu yake Gaston, katika mtaa wa Saio. Mama Rosa alikuwa mtu wa Mahagi-Port, kule ziwani. Kabla ya barabara ya ziwa kukatika alikuwa akileta samaki wakavu, magunia kwa magunia, na chumba alichotupa ndicho kilichokuwa stoo yake. Samaki walikwisha siku nyingi. Harufu ilibaki, nzito, yenye heshima zake, na kwa sababu mboga ilikuwa shida tulikula bugali na maharagi kidogo na ile harufu ikafanya kazi ya kitoweo. Sisemi uongo: ulikuwa ukivuta pumzi, unameza. Kuta tuliziandika kwa makaa, saikolojia ya mtoto upande huu, historia ya elimu upande ule, na katikati kulining'inia pazia la kitenge, nyuma yake ikilala familia iliyokimbia kutoka Gety. Hatukuwaona sana, lakini tuliwasikia, na wao walitusikia zaidi. Tukikariri kwa sauti, bibi yao mzee alikuwa akisema kwa nyuma ya kitenge: "Bale batu ba ubao, Mungu abape diplome mbio, siye tulale." Na Gaston anamjibu: "Koko, vumilia, iko moja tu inabakia." Kila siku ilikuwa inabaki moja.

Gaston alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti ya kanisani. Hakuwa mwalimu wetu. Alikuwa mwanafunzi kama sisi, lakini alielewa kitu mara moja halafu akaona uchungu sisi tusipokielewa, kama vile amekula peke yake. Akawa anakieleza tena. Akieleza kwangu ilimbidi kueleza mara tatu na kuchora. Kwa mtihani wa vitendo, ule wa kufundisha darasa la kweli mbele ya jury, wale wanaokupima, alitupanga kwenye vigogo tuwe watoto wa darasa la tatu primaire, yeye akawa inspekteri, akakunja uso na kushika saa isiyotembea. Na sheria ya ualimu wetu, kila mtu aliyesoma Kongo anaijua: huwezi kufundisha kitu bila kukileta. Unafundisha chungwa, leta chungwa. Mimi nilipangiwa kuku. Mwaka wa vita! Kuku wa Bunia walikuwa wamebaki wachache kuliko wakubwa wa mji. Mmoja aliyekuwa karibu alikuwa wa Mama Rosa, mwekundu, mtetea, alilala ndani chini ya kitanda kama mgeni wa heshima.

"Mama Rosa, uniazime kuku yako," nikamwambia.

"Kuku yangu iko na kazi gani na Leta?"

"Atakaa tu juu ya meza. Batoto bamutazame."

"Na asiporudia?"

"Atarudia, Mama. Naapa."

"Weye Celestin, pneu ya batu unaikawiza wiki mbili, kuku utaikumbuka?" Chumba kizima kilicheka, na nyuma ya kitenge nako kukacheka. Lakini asubuhi ya mtihani alimfunga miguu kwa kamba ya kitambaa chekundu, akamfuta mdomo, akanikabidhi kama mtu anayetoa mtoto kwenda ubatizo.

Darasa lilikuwa la matofali, karibu na barabara kubwa, madirisha bila vioo. Watoto walikuwa wamejaa maradufu, wengi wametoka kukimbia, wamebanana kwenye madawati mpaka ukiinua mmoja wanainuka wanne. Nyuma walikaa watu wa jury wawili. Mwenye maneno alikuwa inspekteri mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, kalamu mkononi. Nilianza vizuri. Kwa kweli nilianza vizuri mno, sauti yangu ilifika Uganda. Nilimweka kuku mezani, nikauliza jina lake, wakajibu. Tukatazama kichwa, tukatazama upanga wake, tukafika kwenye mdomo. Nikasema, "Sasa, nani atatuonyesha mdomo wa—" na hapo nje kukalia pa! moja, kubwa, ya karibu.

Sikuamua kitu. Mwili wangu uliamua, na nilipojua niko wapi nilikuwa chini ya meza, nimemkumbatia kuku wa Mama Rosa, shavu langu sakafuni. Nikangoja ya pili. Haikuja. Mbele yangu niliona miguu ya watoto, mingi, mingine bila viatu, mingine na kiatu kimoja, yote imetulia mahali pake. Hakuna hata kidole kilichotikisika. Halafu uso wa msichana wa dawati la mbele ukashuka taratibu, ukanichungulia kutoka juu kwenda chini.

"Mwalimu, toka, kuya. Haiko bunduki. Ni pneu ya camion."

"Unajua je?" nikamnong'oneza.

"Bunduki haisemaka moja tu na kunyamaza."

Mimi, mtu wa matairi! Nilikuwa nimesikia tairi zikipasuka tangu nilipoota ndevu. Naweza kukuambia kwa mlio kama ni la mbele au la nyuma. Nikatoka, vumbi usoni, kuku kwapani, na kule nyuma inspekteri hakuwa ameondoka kitini. Alikuwa akiandika. Nikakohoa kusafisha koo, nikasema kwa sauti iliyobaki, "Nani ataniambia, kuku iko na miguu ngapi?" Na darasa lote, bila mtu kuinua kidole, likajibu pamoja, polepole, kwa ile sauti ambayo watu humpa mgonjwa aliyeomba maji: "Mbili, mwalimu." Walinihurumia. Watoto waliolala porini, waliofika mjini na nguo za mwilini tu, walinihurumia mimi niliyetoka kula bugali asubuhi. Nikaendelea mpaka mkia. Sikumbuki mkia nilisema nini.

Gaston alikuwa ameona yote kutoka mlangoni, akisubiri zamu yake. Yeye alifundisha samaki, mmoja mkavu aliyemwokota nyuma ya magunia ya Mama Rosa, na watoto walimfuata kama wanasikiliza habari ya ndugu yao. Mwisho wa leçon, lile somo lake, inspekteri alivua miwani. Njiani kurudi Gaston alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akaacha kucheka. "Lakini uliendelea, Celestin. Mwengine angetoka na asirudie. Ile ndiyo iko ualimu." Nikamwambia asinifariji, kwamba sasa tegemeo langu ni kitufe tu. Akanitazama kama mtu anayetazama daftari langu. "Mashini haiko na masikio, ndugu yangu. Ukae usome."

Nilikaa nikasoma. Hilo huwa nalisahau nikisimulia, kwa sababu halichekeshi. Maswali ya maandishi yalichelewa. Yalikuwa yaje na ndege kutoka Kinshasa, na ndege haikutua mpaka uwanja utulie, na uwanja haukutulia. Kwa muda ule wote Gaston alinikalisha kwenye ukuta wa makaa, akaniuliza, nikakosa, akaniuliza tena. Bibi wa Gety alianza kujibu kabla yangu kwa nyuma ya kitenge, akinionea huruma, akikosa kama mimi. Mwishowe ndege ikatua. Tukaingia ukumbini, kila mtu dawati lake, na siku ya pili, tukiwa katikati ya maulizo ya Kifaransa, upande wa milima kukaanza kusikika milio. Mbali. Hiyo haikuwa tairi. Wengine walishika kalamu kwa nguvu, mke wa pasta akafumba macho akaomba. Na mimi, Mungu ananijua, nilichangamka. Nilisikia furaha kifuani. Nusu pointi, nikasema moyoni, nusu nyingine, ile nzito, mbili. Huko nyumba ya mtu ilikuwa inaungua, mama fulani alikuwa anatafuta upande wa kukimbilia, na mimi nilikuwa nimekaa na kalamu nikimtoza. Nimechekesha watu kwa mengi, lakini hilo sijawahi kulitia kwenye hadithi. Hata sasa, mvua ikipiga mabati kwa ghafla, hufika kwanza ile furaha, kabla ya akili, na nyuma yake aibu ikikimbia kuikamata.

Majibu yalifika baada ya miezi, wakati tulipokuwa tumeacha kuuliza. Redio ilisoma, halafu majina yakabandikwa kwenye ukuta wa shule, na langu lilikuwepo. La Gaston halikuwepo. Tulilitafuta mimi na yeye, kwa kidole, juu mpaka chini na chini mpaka juu, yeye akinisaidia kutafuta kama ni jina la mtu mwingine. Kisha akanishika bega, akasema, "Twende, bakupake pudri." Kwetu anayepata diplome ya Leta lazima amwagiwe pudri, ile poda nyeupe ya watoto, kichwani, atembee mweupe mtaani, watoto wakimfuata. Lakini Bunia nzima haikuwa na pudri. Mama Rosa alitazama kushoto, akatazama kulia, akaingia ndani na kutoka na beseni la unga wa muhogo, ule wa chakula cha siku ile. Kwanza alitandika kitenge chini, kile cha pazia, akanisimamisha katikati. "Usitikisike," akasema. "Ukitikisika tutalala njaa." Basi nikasherehekea nimesimama wima kama mti wa simu, wanawake wakipiga vigelegele, unga ukishuka kichwani kwangu, mabegani, ukianguka kwenye kitenge, bibi wa Gety akiukusanya kwa mkono wa polepole, akinikung'uta masikio na kope ili usipotee hata kidogo. Wakauchekecha. Wakasonga. Jioni ile tulikula furaha yangu, bugali moja kubwa ya kijivu kwa sababu ya vumbi la nywele zangu, watu wote wakizunguka sinia, Gaston akiwa mbele yangu. Katekista, ambaye alidhani Gaston hasikii, akamuuliza jirani kwa sauti ya chini: "Gaston naye? Alikosa? Hata na pointi za huruma?"

Mkono wa Gaston ulisimama juu ya sinia. Halafu ukashuka, ukamega, ukala. Alikula mpaka mwisho, akaomba maji, akamshukuru Mama Rosa. Mimi nilikuwa na unga kwenye kope bado.

Wiki chache baadaye alipata lori la kwenda Komanda. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari, begi lake kichwani kwangu. Nikamwambia mwaka unaokuja arudilie mtihani, kila mtu anarudilia, na mimi nitamkalisha kwenye ukuta kama alivyonikalisha. Alicheka kidogo.

"Weye banakuongeza pointi, unapita. Miye bananiongeza, ninakosa. Mutu mwenye anaanguka wakati banamushika mukono, akirudilia peke yake atafika wapi?"

"Si ulisema mashini haiko na masikio?"

"Nilisema," akajibu, akapanda.

Nikamrushia begi lake juu, na mimi nikiamini vivyo hivyo. Hakurudilia mwaka ule wala mwingine. Alianza kama mpakizi, akaja kuwa na lori lake, akaoa, akajulikana njia panda yote. Wanawe wote aliwasomesha, na kila nilipopita Komanda aliniita "Diplome" kwa sauti kubwa, akaninunulia soda, tukacheka. Na mimi nilipata ubao wangu. Watoto waliinuka, mabati yalitikisika. Lakini ile karatasi sikuitundika. Ilikaa kwenye sanduku chini ya kitanda, chini ya nguo za baridi. Mara mbili waliniita kunipa udirekta wa shule, mara mbili nilisema mgongo unaniuma. Niliona nikikaa kwenye kiti kile atatokea mtu mlangoni na kusema: huyu alipitishwa na bunduki. Darasani, watoto wakiniitikia kwa upole kupita kiasi, nilisikia "mbili, mwalimu."

Basi pale kwenye matanga, wakati mjane wa Gaston alipotaka kucheka, niliinuka na kuwapa hadithi ya kuku. Niliwapa yote, meza, kamba nyekundu, msichana wa dawati la mbele, nikaongeza kwamba kuku alitaga kwa woga, jambo ambalo halikutokea. Watu walishika mbavu. Nikaenda mpaka kwenye kitufe chekundu, godoro la pointi tatu na la pointi tano, na jinsi Leta lilivyonihurumia, na mjane akacheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Mzee mmoja tu hakucheka. Alikuwa amejifunika blanketi kwenye kiti cha mkono, mwembamba, miwani mizito. Waliniambia ni mtu wa elimu wa zamani, Gaston alikuwa akimpakia bure kwenye lori kila alipokuwa na safari. Nilimtambua, yule inspekteri wa miwani ya uzi, kwa namna alivyoshika goti lake, kama mtu anayeshika kalamu. Alinionyesha kidole nisogee, nikasogea, nikachuchumaa karibu na kiti chake.

"Pointi gani hizo?" akaniuliza.

"Za vita, Muzee. Zile Kinshasa walituongezea."

"Nani alikuambia?"

Nikaanza habari ya shemeji wa mtu wa mlango. Haikufika mbali.

"Hakukuwa na kitu kama hicho," alisema. "Karatasi zilikuwa na namba, hazikuwa na mji. Mashini haikujua Bunia, haikujua kama kuna vita. Na ile leçon yako ya kuku, niliyeandika ni miye. Nilikupa mbaya, sababu uliingia chini ya meza. Ulipita kwa maandishi."

Nikamuuliza, na Gaston je?

"Gaston alikosa kidogo tu, kama batu bengi. Mwaka uliofuata nilimungoja. Angekuja, angepita."